Ndugu mnaotuma nauli, mgonjwa anapelekwa hospitali na nani?

Mama Pantoni (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye usingizi akalale atausoma kesho.

Hoja yangu ni hii. Kwenye familia zetu mtu akiugua, kikao cha ndugu kinahesabu pesa tu: fulani elfu hamsini, fulani laki, fulani "nitaangalia mwisho wa mwezi". Sijawahi kusikia kikao kikiuliza nani ataamka saa kumi alfajiri, nani atakaa kwenye benchi mpaka faili lipatikane, nani atapanga foleni ya maabara wakati mwingine anapanga ya dawa. Kazi hiyo inamwangukia mmoja, kwa kawaida yule anayekaa karibu na hospitali, na akiwa mwanamke ndiyo imeisha hiyo. Mwaka ukiisha, kwenye orodha ya michango mbele ya jina lake kuna dashi.

Niwape wiki yangu, halafu mniambie kama naonea watu.

Mimi ni mwalimu, nakaa Kigamboni. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, wiki nzima alikuwa kwenye foleni ya Tunduma akisubiri kuvukia Zambia kuelekea Lubumbashi, kwa hiyo yeye mwacheni. Hapa nyumbani ninaye mama yangu mzazi, kaja kutoka Morogoro kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na ana kisukari na presha. Ninaye baba mkwe, tezi dume inamsumbua, anatembea na mpira wa mkojo akisubiri tarehe ya upasuaji. Na watoto watatu, kitinda mimba ana miezi tisa. Dada wa kazi alipigiwa simu Jumapili kwamba kwao Singida kuna msiba, akaondoka. Nikampa nauli na rambirambi, ningemzuiaje?

Usiku huohuo transfoma ya mtaa wetu ikalipuka. Mlio mmoja, giza. Samaki wa kwenye friji tuliwakaanga wote tukagawa kwa majirani, tatizo ni insulini ya mama. Mwenye bucha pale njiani ana jenereta, akajitolea kutuhifadhia. Mama akagoma: "Dawa yangu ikalale na maini ya ng'ombe?" Basi tukaitia kwenye kopo kavu lenye mfuniko, kopo tukaliweka ndani ya mtungi, mtungi tukaufunika kitambaa kibichi na kuuweka barazani upande wa upepo. Umeme umerudi Jumatano.

Jumanne ilikuwa zamu ya baba mkwe kubadilishiwa mpira. Hapa wenye wakwe mtanielewa. Mzee wangu ni mtu wa heshima zake, tangu niolewe hajawahi kula meza moja na mimi. Ule mfuko wa mkojo ameutafutia kikapu kidogo cha ukili chenye kifuniko, anakishika mkono wa kushoto chini ya usawa wa kiuno, kanzu inakifunika nusu. Kwenye pantoni nikamtafutia pa kukaa akakataa, kwa sababu akikaa itabidi kikapu akiweke chini, na pale watu wanapita na baiskeli na ndoo za samaki. Tukavuka amesimama, mimi na mtoto mgongoni, sote tunaangalia maghorofa ya ng'ambo.

Hospitali siitaji, maana ugomvi wangu si na hospitali. Dirisha la wazee tulipita vizuri, barua ya serikali ya mtaa anayo na kitambulisho anacho. Kazi ilikuja chumba cha kubadilishia mpira. Nesi akachungulia nje: "Ndugu wa mgonjwa aingie amsaidie kupanda kitandani." Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia kalenda ukutani. Ningeingia vipi? Na yeye angekubali vipi? Kijana mmoja kwenye foleni, simjui mpaka leo, akainuka akamshika mkono: "Mzee twende, mimi mwanao." Akaingia naye, akatoka naye, akakuta nafasi yake kwenye benchi imeshakaliwa. Baba mkwe ana watoto wa kiume wanne wa kuwazaa, na ukimtoa huyu wangu aliyeko Tunduma, watatu wako mjini humuhumu. Mmoja alinirushia elfu ishirini asubuhi ile na ujumbe: "Shemeji usisahau kutupa taarifa."

Jumatano chanjo ya mtoto ya surua na rubela, zahanati ya karibu, saa nne tumemaliza. Nikarudi nikakuta maji yanatoka chini ya mlango wa stoo. Mgao ulikuwa umefika, boya la tanki limekwama, tanki limefurika, maji yamefuata ukuta mpaka ndani. Kiroba cha sembe kilikuwa sakafuni. Sina la kuongeza hapo.

Alhamisi, jicho la mama. Dawa zake za presha nilizipanga mezani tangu usiku. Tumefika, wamempima sukari, iko vizuri. Wamempima presha: 196 kwa 112. Wakamkalisha apumzike, wakarudia, haikushuka kiasi cha maana. Daktari akasema leo hapana, arudi Jumanne. Nikamuuliza mama kama alimeza vidonge. Akafungua upindo wa khanga, vyote vimo. "Kaka yako alinipigia usiku, akaniambia mtu wa kupasuliwa haweki kitu mdomoni, hata maji, hata dawa." Kaka yangu yuko Dodoma, ni mtu wa mambo ya ardhi. Jioni kwenye grupu la familia akaandika, nanukuu: "Kwa nini maelekezo ya daktari hayakuzingatiwa? Nauli nilituma."

Ijumaa nachambua maharage, wangu wa miaka mitano akaja kuninong'oneza kwamba punje ya mahindi imeingia puani "yenyewe". Bodaboda, kituo cha afya, wakaitoa na kikulabu. Tumerudi saa tano usiku.

Mwalimu mkuu wangu ni muungwana lakini nikiingia ofisini kwake siku hizi anakunja uso kabla sijaongea. Swali langu: kuna familia humu imewahi kugawana SIKU, siyo pesa tu? Mlifanyaje bila kununiana?

---

Kingunge wa Benchi

Nimewahi siti ya mbele.

Pole sana mwalimu. Huyo kaka wa Dodoma ana pacha wake kwetu Tabora, sema wa kwetu ni mwanasheria.

---

Nesi wa Zamu

Pole dada, na hongera. Niseme machache ya kitaalamu, yatamsaidia na mwingine.

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa mtu mzima mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya jicho tu, mgonjwa yuko macho. Hospitali nyingine zinataka asile, nyingine hazina shida akinywa chai. Lakini dawa za presha kwa kawaida zinamezwa asubuhi ileile kwa maji kidogo, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Za kisukari ndizo za kuuliza kwa makini, maana asipokula halafu akajichoma insulini kama kawaida, sukari inaweza kushuka vibaya. Siku mnapopewa tarehe, toa kila dawa mezani uulize moja moja: hii asubuhi ya upasuaji anameza au hamezi? Waandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayobishana na kaka kwenye simu. Wengi hawapasui presha ikizidi 180 kwa 110, kwa hiyo kumrudisha walikuwa wanamlinda.

Insulini: ambayo haijafunguliwa inakaa friji, nyuzi 2 mpaka 8. Iliyofunguliwa nyingi zinavumilia nje ya friji karibu wiki nne, mradi isizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina, na isipigwe jua. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Bora hamkuiweka kwa mwenye bucha, maana ikigusana na barafu ikaganda imekufa hiyo, hata ikiyeyuka usiitumie. Mtungi ni njia nzuri, ila Dar kuna unyevu mwingi hewani, maji hayakauki haraka, kwa hiyo haupozi kama unavyopoza Dodoma au Singida. Kwa siku mbili tatu si mbaya.

Punje puani: usitie maji, mahindi na maharage yanavimba. Usichokonoe na njiti, utaisukuma ndani. Kuna njia ya mzazi kuziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, kuweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto na kupuliza pumzi moja fupi ya nguvu, mara nyingi kitu kinaruka nje. Jaribu mtoto akiwa ametulia, isipotoka nenda. Na kama kilichoingia ni betri ndogo ya saa au ya midoli, usijaribu chochote nyumbani, kimbia. Betri inaunguza ndani kwa saa chache.

---

Mtoto wa Mjini 77

Mleta mada samahani lakini unajitakia. Nani kakwambia wagonjwa wawili wakae kwako? Mmoja mpeleke kwa hao mashemeji watatu. Ukishakuwa daraja usilalamike kukanyagwa.

---

Mama Pantoni

Mkuu, nimpeleke baba mkwe kwa nani? Wa kwanza kapanga chumba kimoja na mke na watoto. Wa pili hajaoa, anatoka saa kumi na moja asubuhi anarudi saa nne usiku, mzee atashinda na nani? Wa tatu ana nyumba nzuri tu Goba, ila mkewe "hajazoea wagonjwa". Mimi nilizaliwa nimezoea, nadhani.

Na siku nitakayomfungia mzee virago, jina litakalosemwa ukoo mzima mpaka kijijini si la huyo wa Goba.

Nesi, Mungu akubariki. Nimeyanakili yote.

---

Mlipa Kodi Mstaafu

Na bima je? Wewe mtumishi, si umweke mzee kwenye kadi yako?

---

Mama Pantoni

Kadi ya mtumishi ni yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Watoto watatu na mama yangu, nafasi zimejaa. Nikimwingiza baba mkwe namtoa mmoja. Ndiyo maana tunatumia msamaha wa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Unafanya kazi ukiwa na barua na uvumilivu.

---

Binti wa Pangani

Nimesoma kimya nikasema nipite, nimeshindwa.

Mimi ndiye mtuma nauli. Niko Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Mama yangu alilazwa Tanga, mdogo wangu wa kike ndiye aliyelala naye wodini. Mimi nililala jikoni kwa watu na simu kifuani, nikisikia tu mlio naruka. Kila shilingi ya vipimo, ya damu, ya chakula cha mdogo wangu, imetoka kwangu. Aliporuhusiwa, mdogo wangu aliniambia neno ambalo mpaka leo liko kooni: "Wewe ulituma pesa, mimi nilimuuguza." Dada, nisingetuma angemuuguza na nini? Mkisema sisi tunaotuma hatujafanya kitu, tukose pesa na heshima kwa pamoja?

---

Kingunge wa Benchi

Hapa sasa uzi umepata mwenyewe.

---

Mama Pantoni

Binti wa Pangani, wewe sikukusema na sitakusema. Wewe ulilipa kitanda, damu na chakula cha anayelala wodini. Ninaowasema mimi ni wanaotuma elfu ishirini wakiwa umbali wa daladala moja, halafu wanajiona wamemaliza. Na wanaopiga simu usiku kutoa maelekezo kwa mgonjwa bila kumuuliza anayekaa naye.

Ila umenifumbua kitu. Mdogo wako hakulipwa siku zake, na wewe hukuhesabiwa usingizi wako. Anayeshindwa kuja kabisa, badala ya kutuma "nauli", alipe mtu wa kuja. Mtu kamili, wa siku nzima, na chakula chake cha mchana. Hapo atakuwa ametuma siku.

---

Mzee wa Kaunda Suti

Mwanangu mwalimu, pole.

Kwa huyo baba mkwe nikwambie kama mtu mwenye tezi dume mwenyewe. Lile jambo la mlangoni lilimuumiza yeye kuliko wewe, na hatakwambia. Siku nyingine mkifika, kabla hajaitwa, nenda kwa nesi msemeshe pembeni: huyu ni baba mkwe wangu, naomba muuguzi wa kiume amsaidie. Wanaelewa, hilo si ombi geni. Lakini dawa hasa ni mwanawe. Mwambie mumeo awaambie wadogo zake kwa kauli yake, si wewe. Ukisema wewe ni "mke wa kaka analalamika". Akisema yeye ni amri.

Na mfuko huo, mwanangu, ubaki chini ya kibofu hata akilala. Usiachwe ujae pomoni, ukipita nusu amwage, anawe mikono kabla na baada. Mkojo ukigoma kutoka na tumbo likamkaza, au akapata homa na baridi, msisubiri tarehe ya kliniki.

---

Mtoto wa Mjini 77

Mzee shikamoo. Ila mimi naona hizi heshima nyingine tunajitesa. Mkwe si mwanao? Mgonjwa ni mgonjwa. Siku mzee akianguka bafuni na hakuna mwanaume, ataachwa pale?

---

Mzee wa Kaunda Suti

Marahaba. Akianguka atainuliwa na yeyote aliyepo, hakuna anayebishana na hilo. Lakini kliniki ina tarehe, imeandikwa kwenye kadi mwezi mzima kabla. Ajali haina tarehe. Usimvue mtu nguo za heshima kwa jambo ambalo mlikuwa na mwezi wa kulipanga.

---

Fundi Bomba Temeke

Wote mnaongelea wagonjwa hakuna anayemjibu dada kuhusu boya.

Dada Kigamboni maji ya visima yana chumvi, na kama unachanganya ya kisima na ya mgao tanki moja, chumvi inashika kwenye ule mkono wa boya, linakaa juu au linakaa chini. Toa boya la plastiki weka la shaba. Bei imesogea kidogo lakini utasahau. Halafu juu ya tanki lazima uwe na tundu la ziada lenye bomba lake linaloshuka mpaka nje kwenye maua au mtaro. Kama fundi wako hakuweka, tanki likijaa maji yatatafuta njia yenyewe na yatapitia ukutani kama ulivyoona. Boya lichomolewe lisuguliwe na ndimu kila baada ya miezi michache. Na kiroba cha unga kikae juu ya kichanja jamani.

---

Mama Pantoni

Hahaha fundi asante. Kichanja kimeshapigwa misumari, na mtoto wa kwanza ndiye aliyekipiga, darasa la sita huyo.

---

Wa Saba Kati ya Tisa

Mleta mada umeuliza kama kuna waliogawana siku. Sisi tumefanya, nikwambie ilivyokuwa, pamoja na ubaya wake.

Tuko tisa. Mama yetu anakaa Moshi, figo. Ilipoanza safari za kusafishwa damu mara kadhaa kwa wiki, dada yetu wa tatu aliyekuwa naye karibu alikonda mpaka watu wakaanza kumuuliza yeye ndiye mgonjwa au nani. Siku moja alizima simu. Hakwenda popote, alizima tu simu akalala kwake. Ndipo tulipoitana.

Mjomba ndiye aliyesimamia, kwa sababu kati yetu hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwenzake. Alikataa kabisa kuanza na pesa. Alichora wiki kwenye ubao wa mtoto, akasema kila kisanduku kinataka jina la mtu, na mtu huyo akishindwa, kazi ya kutafuta mbadala ni yake, si ya dada. Hilo la mwisho ndilo lililobeba kila kitu. Mwanzo kila anayeshindwa alikuwa anampigia dada: "Leo nimebanwa, unisaidie." Sasa akibanwa anahangaika mwenyewe. Utashangaa watu walivyoacha kubanwa.

Waliokuwa mbali, Mwanza, Mtwara, mmoja Nairobi, waliungana kumlipa binamu yetu mmoja kijana aliyekuwa hana kazi. Analipwa kwa kila siku ya kliniki, si kwa mwezi, na analipwa siku hiyohiyo jioni. Yule kijana sasa anajulikana pale hospitali kuliko sisi watoto.

Kitu kingine ni daftari. Daftari la kawaida la mistari, jalada gumu, linakaa na mgonjwa. Kurasa za mwanzo: dawa zote na saa zake, dawa zinazomdhuru, namba ya kadi ya bima, simu za watu wawili. Kurasa za nyuma: kila aliyempeleka anaandika daktari kasema nini, kipimo gani kimetoka ngapi, tarehe ijayo lini. Kabla ya daftari kila mtu alikuwa anarudi na habari yake. Dada alisema daktari kapunguza chumvi, kaka akasema kapunguza maji, mama mwenyewe akasema hakupunguza kitu.

Na kadi za kliniki zikiwa za wagonjwa wawili nyumba moja, ombeni tarehe ziwe siku moja kama kliniki zenyewe ziko siku moja. Ukiomba kwa adabu wakati wa kuandikiwa wanakubali mara nyingi. Ukishaondoka na tarehe yako, kuibadilisha ni shughuli.

Ubaya wake: kaka wa pili hakuwahi kukubali. Anatuma pesa nyingi kuliko wote na anasema inatosha. Tumekubaliana kutokubaliana, pesa yake ndiyo inayomlipa binamu. Ila kwenye sherehe bado dada hamwangalii usoni.

---

Binti wa Pangani

Wa Saba, huyo kaka wa pili mimi namwelewa kidogo. Kuna watu hawawezi kuona mzazi ana sindano mkononi. Si jeuri, ni woga. Anajua akiingia pale atalia mbele ya watu.

---

Wa Saba Kati ya Tisa

Inawezekana dada. Hajawahi kusema hivyo, na sisi hatujawahi kumuuliza.

---

Nesi wa Zamu

Naunga mkono daftari kwa mikono yote. Huku kwetu mgonjwa analetwa na jirani, tunauliza anatumia dawa gani, tunajibiwa "vidonge vyeupe". Hata picha ya paketi kwenye simu inasaidia.

Mleta mada, ya Jumanne utuambie. Akishapasuliwa, matone ya dawa yakiwa aina mbili usiyamwage kwa mpigo, subiri kama dakika tano kati ya moja na nyingine, na ncha ya kichupa isiguse jicho. Maji ya kuogea yasiingie, asisugue, asiiname kubeba ndoo, na alale upande wa jicho lisilopasuliwa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu sana au akasema ukungu umerudi, msisubiri tarehe, rudini hapohapo.

---

Mama Pantoni

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Mume wangu amevuka Tunduma. Kabla hajavuka nilimsomea kwa simu post ya Mzee wa Kaunda Suti neno kwa neno. Hakusema kitu. Baadaye kidogo shemeji yangu wa Goba akanipigia, sauti nyingine kabisa, anauliza tarehe ya mzee inayofuata na kama kikapu kile kinatosha au anunue kingine. Sijui aliambiwa nini na sitaki kujua.

Kaka yangu naye nilimwandikia pembeni, si kwenye grupu. Nikamwambia nauli yake nimeipokea na nashukuru, sasa naomba Jumanne yake. Akasema ana kikao. Nikamwambia sawa, atafute wa kuja badala yake, mimi siku hiyo nina mtihani wa darasa la nne wa kusimamia. Akakaa kimya siku nzima. Jumatatu usiku akashuka na basi kutoka Dodoma.

Jumanne alimpeleka yeye. Alfajiri akamsimamia mama kumeza vidonge na kikombe kidogo cha maji, karatasi ya daktari mkononi, kama askari. Presha 148 kwa 86. Wakampasua. Saa nane mchana kaka ananipigia ananiuliza kama ni kawaida kukaa tangu asubuhi bila mtu kukwambia kitu, na kama ile foleni ya dawa huwa haisogei hivyohivyo. Nikamwambia ni kawaida. Akaniuliza choo cha wanaume kiko wapi. Nikamwambia mimi nakijua cha wanawake tu.

Bandeji imetolewa Jumatano. Mama kamtazama mjukuu wake akasema mbona mtoto huyu ni mweusi hivi, mlikuwa mnanificha. Matone namtilia mimi asubuhi na usiku, mchana anamtilia mtoto wa kwanza, saa zimeandikwa kwenye daftari. Ndiyo, nimenunua, jalada gumu.

---

Mtoto wa Mjini 77

Nakubali nimeshindwa hoja ila ya kuinuliwa bafuni bado naishikilia.

Na dada wa kazi amerudi?

---

Mama Pantoni

Anarudi Jumapili, amesema.

Zamu za mwezi ujao tumeshazibandika kwenye grupu, za upande wangu na za upande wa mume wangu kila moja kwenye grupu lake. Mzee anakwenda na wa Goba. Mama marudio ya jicho anakwenda na mdogo wangu wa Morogoro. Kliniki ya kisukari ni ya kaka wa Dodoma. Ameshanipigia leo kuniomba tubadilishane. Nimemwambia namba za wengine wote anazo.